Nyumba za kale za milimani Wales

Jamani hizi nyumba za zama za kati kule milimani Wales zinanivutia sana, maana ukienda pale Gelligaer, sehemu ya malisho kusini mwa Wales, huoni paa, ukuta wenyewe wa kutafuta, ni majani na kondoo tu, ila pale nyumba iliposimama kuna kipande kimesawazishwa kwenye mteremko, upande wa juu wamechimba, udongo wakaumwaga chini mpaka pakawa tambarare. Halafu kwa juu kuna kijitaro kimepinda ili maji ya mvua yasiingie ndani. Aisee huyo mfugaji aliyejenga alifikiria! Hapa Tanga tukisema magofu tunawaza Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo, nyumba ya mfugaji nani anaikumbuka? Mimi naona inastahili heshima ileile. Na Lushoto mafundi bado wanakata mteremko hivyohivyo kabla ya kujenga.