Kondoo Mwenye Masikio Manne

Novemba ya mwaka 2017 nilikuwa Gent, Ubelgiji, nikisomea sayansi ya udongo. Kanisa kuu la Mtakatifu Bavo liko katikati ya mji na nilikuwa nikilipita mara kwa mara kwenda sokoni, lakini mimi Mwislamu wa Tanga sikuwa na shughuli humo ndani. Aliyeniingiza ni Mama mmoja kutoka Kalemie, Kongo, fundi cherehani, aliyeishi pale miaka mingi na aliyekuwa akinishonea makoti ya mtumba yanikae mwilini. Siku moja, pini zikiwa bado mdomoni mwake, aliniuliza kama nimeshaona picha ya kondoo. Nikamjibu bado.

"Unakaa Gent na haujaona kondoo? Jumamosi tunaenda, mutoto yangu."

Jumamosi ikafika, mvua inanyesha, tukaenda.

Picha yenyewe ni ya altare, imechorwa juu ya mbao za mwaloni zinazofungwa na kufunguliwa kama madirisha. Ikiwa wazi, upana wake unapita mita 4 na nusu. Maandishi ya Kilatini kwenye fremu yanasema Hubert van Eyck aliianza, mdogo wake Jan akaimaliza, na aliyelipia ni Joos Vijd, tajiri wa mji ule. Ikawekwa mbele ya watu tarehe 6 Mei 1432. Tulipokwenda sisi ilikuwa imewekwa kwenye kikanisa kidogo karibu na mlango, nyuma ya kioo kizito. Watu walisimama wamebanana, kila mmoja na kifaa cha maelezo sikioni. Mama hakuchukua kifaa. Alipenya mpaka mbele kabisa akaanza kukagua nguo.

Naye alijua anachokagua. Juu katikati ameketi Mungu katika joho jekundu, na pindo la joho limejaa lulu na herufi za dhahabu. Kulia kwake Bikira Maria, kushoto Yohane Mbatizaji amevaa joho la kijani juu ya vazi la manyoya ya ngamia. Pembeni wapo malaika waimbaji, wa mbele amevaa vazi zito la zari. Mama alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akanionyesha jinsi kitambaa cha zari kinavyokataa kukunjika, kinavyovunjika kwa pembe, tofauti na sufu inayomwagika. "Huyu alishika kitambaa hiki na mikono yake," alisema. "Huwezi kukijua hivi kwa macho tu."

Baadaye nilisoma namna ilivyofanyika, na bado inanishangaza. Mbao zilipakwa kwanza chaki iliyochanganywa na gundi mpaka zikawa nyeupe na laini. Juu yake zikaja rangi zilizosagwa na mafuta ya kitani, tabaka jembamba juu ya jingine, nyingine nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mwanga unazama mpaka kwenye weupe wa chini kisha unarudi ukiwa umebeba rangi. Ndiyo maana lulu za pindo lile zinaonekana zina unyevu. Jan hakuvumbua rangi ya mafuta, ingawa Giorgio Vasari wa Italia alimpa sifa hiyo karne iliyofuata. Ilikuwapo kabla yake. Alichofanya ni kuipeleka mahali ambapo hakuna aliyewahi kuifikisha.

Watu wengi wakitaja Renesansi, ule mwamko wa sanaa wa Ulaya, wanakimbilia Italia, na wana haki yao. Miaka ileile mjenzi Brunelleschi alikuwa akipandisha kuba la kanisa kuu la Florence, na mchoraji Masaccio alikuwa ameshachora ukutani katika kanisa la Santa Maria Novella Utatu Mtakatifu ndani ya chumba kilichopimwa kwa kanuni za jicho, mpaka ukuta unaonekana umetobolewa. Waitalia walianza na nafasi, kisha wakawaweka watu ndani yake. Van Eyck alianza na ngozi, unyoya, jani, tone. Mimi, kama ningelazimishwa kuchagua, ningebaki Gent.

Na sababu kubwa ni Adamu. Yuko pembeni kabisa juu, uchi, mguu mmoja umeinuka kidogo na tunauona kwa chini, kana kwamba anataka kutoka kwenye fremu. Upande wa pili yuko Hawa na tunda dogo lenye makunyanzi. Nilikuwa namwangalia mguu huo Mama aliponivuta mkono.

"Angalia mikono yake. Iko myeusi kuliko mwili."

Kweli. Mikono na uso vimeungua kwa jua, mwili ni mweupe. Van Eyck alimwita mtu akavua nguo, akamchora kama alivyo, na mtu huyo alikuwa mtu wa kufanya kazi nje.

"Huyu alilima," alisema Mama. Hakucheka. Aliniambia baba yake alikuwa na mikono hiyohiyo na mgongo wa rangi nyingine.

Tuliposhusha macho kwenye safu ya chini, Mama alikasirika. Mwanakondoo, ambaye kwa Wakristo ni mfano wa Yesu, hakuwapo. Mahali pake palikuwa na picha za kupigwa kwa kamera, za ukubwa uleule. Mhudumu akatueleza kwa upole kwamba mbao za chini ziko kwenye jumba la makumbusho la sanaa, zinatengenezwa, na mtu yeyote anaweza kwenda kutazama kazi ikifanyika. Mama akafunga koti. "Basi twende huko."

Jumba hilo liko kwenye bustani ya Citadel, kusini mwa mji. Ndani walikuwa wamejenga karakana yenye ukuta wa kioo. Kazi ilianza mwaka 2012 na pande za nje zilikuwa zimeshamalizika. Tulipofika, wahifadhi wachache walikuwa wameinama juu ya mbao, kila mmoja na hadubini, mkononi kisu kidogo kama cha daktari wa upasuaji. Nilisimama pale kitambo kabla sijagundua kwamba yule aliye karibu nasi alikuwa anafanya kitu. Mkono wake ulisogea kidogo mno. Alikwangua, akafuta, akatazama, akakwangua tena, na eneo lote alilokuwa akishughulika nalo lingefunikwa na ukucha.

Bango la maelezo lilisema jambo ambalo mimi sikulitegemea. Kwa muda mrefu kila mtu aliamini kwamba anachokiona ni kazi ya akina Van Eyck. Wahifadhi walipoondoa vanishi ya zamani waligundua kwamba takriban asilimia 70 ya pande za nje zilikuwa zimepakwa upya, na upakaji huo ulikuwa mkongwe, wa karne ya 16, ukifuata mistari ya asili kwa uangalifu kiasi kwamba vizazi na vizazi vya wataalamu havikuushtukia. Chini yake kazi ya asili ilikuwa hai, imepoteza sehemu ndogo tu. Ndani nako ilikuwa vilevile, na Mwanakondoo mwenyewe alikuwa amefunikwa.

Tena kwa Mwanakondoo palikuwa na ushahidi ambao hata mtoto angeuona. Palikuwa na picha yake kubwa ukutani, Mama akaisimamia.

"Mbona iko na masikio ine?"

Nilihesabu. Manne. Katika usafishaji wa mwaka 1951 walikuwa wameondoa rangi kidogo kuzunguka kichwa, masikio ya asili yakajitokeza, yakiwa mahali tofauti na yale ya waliopaka juu. Wakaishia hapo. Kwa zaidi ya miaka 60 mahujaji na watalii walipita mbele ya kondoo mwenye masikio manne juu ya altare, damu ikimtoka kifuani kuingia kwenye kikombe, malaika wamemzunguka. Kwenye kitambaa cha altare pameandikwa kwa Kilatini maneno ambayo Mama aliyasema taratibu kwa Kiswahili, kama wayasemavyo kwenye misa: Tazama Mwanakondoo wa Mungu, aondoaye dhambi za dunia. Nilinyamaza mpaka amalize.

Kisha akarudi kumtazama mwanamke mwenye kisu. "Anafumua," alisema, na uso wake ukabadilika kuwa wa mtu wa kazi. Akanieleza kwamba kushona nguo si kitu. Kazi ni kufumua mshono wa fundi mwingine bila kukata uzi wa kitambaa. Lazima ujue alikoanzia na alikofunga. Na hapo bahati ilikuwapo: kati ya kazi ya asili na rangi ya juu palikuwa na vanishi ya zamani, basi kisu kilikuwa na mahali pa kupita.

Tulibishana pale pale. Nilimuuliza kama ni haki kuiondoa. Waliopaka mwaka 1550 hivi nao walikuwa mafundi, kazi yao imekaa karibu miaka 470, watu wamesali mbele yake; nayo si historia? Mama alifikiri. Alisema kama nguo ya chini imeoza, acha kiraka, mheshimu aliyekiweka. Lakini kama nguo ni nzima, kiraka kinafanya nini? Nilijaribu kulipinga hilo siku ile na sikuweza, na mpaka leo naliona ni sahihi. Kilichokuwa kikiondolewa kilipigwa picha na kuandikwa kila hatua. Walioficha hawakusahaulika. Aliyefichwa ndiye alikuwa hana pa kusemea.

Na picha hii imefichwa na kuburutwa vya kutosha. Mwaka 1566 waliovunja sanamu makanisani walipofika, ilipandishwa mnarani ikasalimika. Mwaka 1794 askari wa Ufaransa walichukua mbao za kati wakazipeleka Paris. Zilirudi mwaka 1815, na mwaka uliofuata mbao nyingi za pembeni zikauzwa, zikaishia Berlin, ambako nyingine zilipasuliwa unene kwa msumeno ili pande zote mbili zionekane kwa pamoja. Zikarejeshwa baada ya Vita ya Kwanza. Aprili 1934 mbao mbili ziliibwa usiku. Mwizi akarudisha moja na kudai faranga milioni moja kwa ya pili, ile ya Waamuzi wa Haki, ambayo haijapatikana hadi leo. Katika Vita ya Pili Wanazi waliificha yote kwenye mgodi wa chumvi Altaussee, Austria. Nilipomsimulia Mama hayo ya mgodi aliuliza jambo moja tu: chumvi haikula rangi?

Niliondoka Ubelgiji kabla kazi haijaisha. Januari 2020 mbao zilirudi kanisani na sura ya asili ya Mwanakondoo ikasambaa duniani, na watu wengi wakacheka. Macho yako mbele kama ya binadamu, mdomo una rangi ya waridi, pua imebana. Walisema haifanani na kondoo. Iliniuma. Mtu aliyechora majani kiasi cha kuweza kuyataja mmea mmoja mmoja, aliyechora farasi kwenye ubao wa pembeni na mshipa wa shavu lake, anajua macho ya kondoo yanakaa wapi. Aliyaweka mbele makusudi. Mnyama huyu anachinjwa na anakukazia macho, na huna pa kukwepea. Wale wa karne ya 16 walimgeuza kuwa mnyama wa kawaida anayetazama popote, na tukamzoea hivyo.

Mama alikwenda wiki ya kwanza. Alinitumia ujumbe wa sauti kutoka nje ya kanisa, upepo unavuma, akaniambia masikio sasa ni mawili na kwamba amesimama mbele yake muda mrefu kwa sababu alishindwa kuondoka akiwa anaangaliwa. Mwaka 2023 zamu ikafikia safu ya juu, yenye malaika na mavazi. Ameniambia ameshakwenda kwenye kioo kuangalia wanavyolifanya lile pindo la lulu, na kwamba atarudi.