Kiwango nilichojiandikisha

Jumamosi nilicheza mashindano yangu ya kwanza ya tenisi ya ridhaa hapa Marekani, ambako mchezaji mpya hujipima mwenyewe kwa mizani ya NTRP, yaani ya viwango vya ustadi wa kucheza, inayopanda kwa nusu nusu hadi 7.0. Nilisita sana kati ya 3.0 na 3.5. Maelezo ya 3.0 yanamtaja mtu anayerudisha mipira ya kasi ya wastani kwa uhakika kiasi, lakini bado hawezi kuielekeza wala kuifikisha mbali atakavyo, na huyo, nikisema kweli, ndiye mimi. Rafiki zangu walinihimiza nipande. Nilikataa, kwa kuwa mazoezini hatuhesabu pointi, na mechi ya kuhesabiwa ni jambo jingine. Nilishindwa 6-4, 7-5, na karibu kila gemu tuliigombania hadi mwisho. Nimefurahi mno.