Kumbukumbu ya mradi: kuinuka au kukaa kwenye telki

Hali ilivyo mwisho wa majira ya baridi hapa Uingereza: farasi wangu Clover ameongeza misuli nyuma ya tandiko, ngazi ya Prelim ya dresaji (mtihani wa kupanda farasi kwa miendo iliyopangwa, mbele ya jaji) tumeizoea, na mtihani wetu wa kwanza wa Novice, ngazi inayofuata, umepangwa Mei. Swali linaloniganda tangu Novemba ni moja: mle uwanjani, telki niipande nikiinuka au nikikaa?

Kwa msomaji asiyepanda farasi, telki ni mwendo wa mapigo mawili. Mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, halafu jozi ya pili inafuata, na katikati kuna kitambo ambapo farasi yuko hewani kabisa. Kwa mwendo wa kawaida wa dresaji huwa hatua kamili kama 75 hadi 80 kwa dakika, kwa hiyo mgongo unakurusha zaidi ya mara 150 kwa dakika. Anayeinuka hukalia pigo moja na kuliachia la pili. Anayekaa huyapokea yote kwa nyonga na kiuno. Jamaa zangu wa Lamu hucheka wakiona haya kwenye video, maana kwao punda anakwenda telki mtu ameketi huko nyuma karibu na mkia, hana tandiko wala vikuku vya kukanyagia, na anaongea na simu. Sawa, lakini hatua ya punda ni fupi. Ya Clover ni ndefu, na ina rusharusha.

Sheria haitulazimishi lolote. Katika mitihani ya kitaifa ya British Dressage, chama cha dresaji cha Uingereza, uamuzi ni wa mpandaji. Ni mitihani ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, katika ngazi za juu kuanzia Prix St. Georges hadi Grand Prix, ndiyo inayotaka telki ya kukaa. Mimi huko sifiki na sina haja ya kujidanganya. Hata hivyo ukisimama pembeni ya uwanja wa kupashia moto utawaona watu wa ngazi za chini wamekaa kwa nguvu zote, meno yamekazwa, kwa sababu kukaa kunaonekana ndiyo upandaji wa wakubwa. Jaji hatoi alama kwa ukubwa. Anaangalia kama mwendo una mapigo sawasawa, kama mgongo unacheza, kama farasi anaipokea lijamu bila kupigana nayo. Ukimkalia vibaya, hayo yote yanaharibika mbele ya macho yake.

Desemba na Januari

Kazi ya kukaa tuliifanya kwenye kamba ndefu, mwalimu akimzungusha Clover na mimi bila vikuku wala hatamu. Hapo ndipo nilipohisi kwamba mgongo wa farasi haupandi na kushuka kama ubao. Upande ambao mguu wa nyuma uko hewani hushuka, kisha upande wa pili, hivyo nyonga za mpandaji nazo zinatakiwa zipokezane. Kukaza mapaja ndiko kunakomrusha mtu. Kukaza tumbo kidogo na kuachia goti ndiko kunakomtuliza. Mwalimu alikataa nikae muda mrefu: hatua chache, inuka, hatua chache tena, na kamwe si kabla Clover hajapashwa moto vizuri kwa kutembea na telki ya kuinuka. Mgongo wa baridi ukikaliwa, unakuwa mgumu na kuzama.

Wakati huohuo nilirekebisha kuinuka, kitu ambacho watu hukidharau. Kuinuka kuzuri ni nyonga kwenda mbele kuelekea mikononi, si kujisukuma juu kwa vikuku, na kurudi ni kutua taratibu. Hapa Uingereza unakaa pale mguu wa mbele wa nje (upande wa ukingo wa uwanja) na wa nyuma wa ndani inapokanyaga, na ukibadilisha upande katikati ya uwanja unakalia pigo moja la ziada ili upate jozi nyingine. Nimeanza kuhesabu pande zote mbili kwa haki hata tukiwa barabarani, kwa sababu Clover alipenda kunirusha kwenye jozi ileile kila mara, na farasi akizoea hivyo misuli yake inakua upande mmoja tu.

Katikati ya haya nilikutana na vipimo vya watafiti wa Vienna vilivyochapishwa 2010. Waliweka mkeka wa kupimia mgandamizo chini ya tandiko, wakalinganisha mikao mitatu kwenye telki. Kilele cha nguvu juu ya mgongo kilikuwa nyutoni 2,112 kwa kukaa, 2,056 kwa kuinuka, na 1,688 kwa mkao wa kusimama mwepesi juu ya vikuku. Nilitarajia pengo kubwa kati ya miwili ya kwanza, halipo. Ninavyoelewa mimi, faida ya kuinuka haimo kwenye uzito wa lile pigo unalolikalia. Imo kwenye pigo la pili, pale mgongo unapopata nafasi ya kupumua. Na hivyo vilikuwa vipimo vya kukaa kulikotulia. Anayedundadunda namhesabia zaidi.

Machi

Mashindano madogo ya kijijini yalinipa nafasi ya kulinganisha: mitihani miwili ya Prelim siku moja, jaji mmoja, uwanja uleule wa mita 20 kwa 40. Wa kwanza niliinuka mwanzo hadi mwisho. Wa pili nilikaa kila mahali palipokuwa na telki.

Karatasi za alama zinasema vizuri kuliko mimi. Duara la mita 20 kwa kuinuka: 7 kati ya 10, na maneno kwamba mgongo unacheza. Duara hilohilo kwa kukaa: 5.5, hatua zimefupika, kichwa kinapanda. Lakini kuingia kanta (mwendo wa mapigo matatu, wa kasi kuliko telki) kutoka kwenye telki mambo yaligeuka. Nikiinuka nilipata 6, akaingia kwa kukimbia kwanza. Nikikaa nilipata 7. Sababu naijua: hatua mbili tatu za kukaa zinanipa muda wa kumshika kidogo, kuweka mguu wa nje nyuma, na kumwambia kwa kiuno kwamba kuna kitu kinakuja. Ukiwa unapanda na kushuka, ujumbe huo unafika nusu. Kusimama kwenye mstari wa kati pia kulikuwa kuzuri zaidi nilipokaa, miguu yote minne ikiwa sambamba.

Kurudi kutoka kanta kwenda telki, hapana. Hapo mgongo wa Clover hutikisika sana, na nikikaa ananiinulia shingo mara moja. Nitainuka kuanzia pigo la kwanza.

Kwa hiyo mpango wa Mei si kuinuka wala kukaa, ni vyote kwa mahali pake. Sehemu kubwa za mtihani, yaani maduara, kuvuka uwanja kwa mshazari na zile hatua chache za kurefusha telki, naziinukia. Kona inayotangulia kanta naikalia. Hatua za mwisho kabla ya kusimama nazikalia pia. Nimesikia hoja kwamba kubadilisha hivyo kunamchanganya jaji. Kwangu ni hoja dhaifu. Jaji aliyekaa kwenye herufi C, mwisho wa mstari wa kati, haoni hesabu zangu, anaona farasi aliyetulia au asiyetulia. Anayenihofisha zaidi ni Clover mwenyewe, ambaye sasa anajua kwamba nikikaa maana yake kanta, na wiki iliyopita aliondoka kabla sijaomba. Tunalitibu hilo kwa kukaa hatua nne kisha kuinuka tena bila kuomba lolote, huku nikimpapasa shingo.

Kazi zilizobaki: kurudia kukaa kwenye maduara ya mita 10, kwa ajili ya Elementary, ngazi iliyo juu ya Novice, siku za usoni, ila kwa kutembea kwanza, halafu telki fupi. Fundi wa matandiko anakuja Alhamisi. Mgongo umebadilika umbo tangu vuli na tandiko limeanza kukaa chini upande wa mbele, jambo linalonisukuma magoti mbele kila ninapojaribu kukaa. Mtihani wa Mei nitaupanda na tandiko lililorekebishwa, au sitaupanda.