Bustani na maghala ya Tanga

Jumapili usiku

Leo nimerudi nyumbani na picha 41, na kati yake ni 3 tu ninazotaka kuzihifadhi. Zote tatu nilizipiga ndani ya ghala la mkonge, wala hakuna hata moja inayoonyesha bahari. Mwaka jana, nilipoanza kuupiga picha mji wangu wa Tanga kila Jumapili, nisingeliamini jambo hilo, kwa kuwa nilidhani bustani ndizo zingeubeba uzuri wote wa mji, na maghala yangekuwa ya kujazia nafasi.

Nilianzia Bustani ya Jamhuri kwa sababu ndipo mahali tulipopelekwa utotoni kila sikukuu ya Idi, tukiwa na nguo mpya zilizotuwasha shingoni, tukasimamishwa mbele ya bahari na kuambiwa tusitikisike. Mama bado anazo picha hizo. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, jua hutokea upande wa kulia wa mtu anayeitazama ghuba, na kwa dakika chache maji yaliyo kati ya ufuko na kisiwa cha Toten huwa na rangi ya fedha kabla hayajawa buluu. Wajerumani ndio waliokipa kisiwa hicho jina hilo, lenye maana ya wafu, na makaburi na magofu ya misikiti yaliyomo humo ni ya kale kuliko Wajerumani wenyewe. Nimekipiga picha mara nyingi sana. Nimewapiga pia wazee wanaosoma gazeti kwenye mabenchi, vijana walioegesha baiskeli zao chini ya miti, na ule mnara wa saa wa enzi za Wajerumani. Picha hizo ni nzuri na watu wanazipenda, lakini kila nikizipanga mezani naona kwamba yeyote mwenye kamera angeweza kuzipiga.

Ghala ni jambo jingine. Lile ninalolizungumzia liko katika shamba moja la zamani upande wa Muheza, si mbali na reli, na mlinzi wake aliniruhusu kuingia baada ya kumweleza mara tatu kwamba sikutumwa na mtu anayetaka kununua kiwanja. Ukuta wake ni mnene, madirisha ni madogo na yako juu sana, na paa la bati limetobolewa na kutu, hivyo mwanga hushuka kama nyuzi na kutembea polepole sakafuni kadiri jua linavyopanda. Mara ya kwanza nilishikwa na uzuri wa mwanga huo kiasi kwamba sikuona kitu kingine chochote. Niliiweka kamera juu ya stendi, nikaiacha ipokee mwanga kwa sekunde 2, nikapata picha ya chumba kikubwa kitupu kilichofanana na msikiti uliohamwa. Niliipenda sana picha hiyo.

Nilimpelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, Ngamiani, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika maghala ya namna hiyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaishika picha mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hapa umepiga picha ya hewa. Ghala halikuwa hivi."

Nilimwomba anieleze lilivyokuwa, nikakaa kwake hadi adhana ya alasiri. Alinieleza jinsi majani yalivyokatwa alfajiri na kupelekwa kwenye korona, mashine ya kuyakwangua na kutoa singa, yaani nyuzi zake, siku hiyohiyo au kesho yake, kwa maana jani likikaa sana singa huharibika. Jinsi singa zilivyooshwa, zikaanikwa juani kwenye nyaya, zikapigwa brashi, zikachambuliwa kwa madaraja na hatimaye kushindiliwa kuwa marobota. Katika kilo 100 za majani, singa ni takriban kilo 4 tu, na zilizobaki ni maji na makapi. Nilikuwa naijua hesabu hiyo tangu shuleni, lakini sikuwa nimewahi kufikiri ni migongo mingapi iliyoinama ili ghala moja lijae. Wengi wao walikuwa manamba, watu waliotoka mbali kwa mkataba, na baadhi yao hawakurudi kwao tena. Wajukuu wao ndio majirani zetu.

Tangu siku hiyo nimeanza kuyatazama maghala na bustani kama kitu kimoja. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza hapa Tanga, na ilipofika 1911 njia hiyo ilikuwa imefika Moshi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge kwa mwaka, kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na maghala yakaanza kunyamaza. Nyumba zenye varanda pana karibu na bahari, ambazo wageni huzipiga picha wakitoka bustanini, sehemu kubwa ya fedha iliyozijenga ilipita kwanza katika kuta hizi ambazo hakuna anayezipiga.

Basi leo nilikwenda na nia tofauti. Sikusubiri mwanga wa darini. Nilipiga magoti nikaitafuta sakafu, nikaona njia mbili zilizochimbika kwenye saruji kutoka katikati ya chumba hadi mlangoni, zilizoachwa na magurudumu ya toroli. Hiyo ni picha ya kwanza. Ya pili ni herufi za daraja la singa, 3L, zilizofifia ukutani, zikiwa na rangi nyeusi iliyochuruzika kidogo chini ya herufi ya mwisho. Ya tatu ni nguzo ya mlangoni, ambayo nimeipita mara nne bila kuiona: kwa urefu wa bega, upande mmoja tu, imelainika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Jioni nilipita kwa mzee kabla ya kufika nyumbani, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Mbili za kwanza alitikisa kichwa kukubali. Ya tatu hakusema neno. Aliinuka taratibu, akasogea hadi kwenye mwimo wa mlango wake, akaweka kiganja cha kushoto juu ya mbao na kuusukuma mguu wa kulia nyuma, kama mtu anayepandisha mzigo kizingitini.

"Robota lilikuwa na kilo 250," akasema. "Bila kushika hapo, toroli halipandi."

Ameniomba nimsafishie picha ya nguzo kwenye karatasi, kubwa. Jumapili ijayo, miguu yake ikimruhusu, tutakwenda pamoja, nami nimekwisha kumwomba mlinzi atuwekee kiti mlangoni.