Muziki umeshuka? Sawazisha sauti kwanza

Ubishi wa muziki wa zamani na wa sasa haukomi Ngamiani, mtaa wa Tanga, na mara nyingi mwamuzi wake ni spika. Mmoja anaweka bendi za zamani za Tanga, Atomic Jazz ya dansi au Black Star ya taarab, kwenye simu, mwenzake anajibu kwa singeli ya wiki hii, na vijana wanaangua kicheko kwa sababu ule wa kwanza unasikika kama umeimbwa ndani ya mtungi. Hapo muziki haujalinganishwa bado. Kilichoshindanishwa ni mkanda uliochoka na faili iliyokazwa mpaka mwisho.

Anza na ukubwa wa sauti. Nyimbo nyingi za sasa hutoka studio zikiwa kati ya -9 na -7 LUFS, kipimo cha wastani wa sauti kwa wimbo mzima. Nakala ya kaseti ya miaka ya 1970 aghalabu huwa -18 au chini yake. Tofauti ya desibeli 10 sikio huisikia kama sauti imezidi mara mbili, na sikio likishapewa kikubwa hukiita kizuri. YouTube nayo haiokoi: huzishusha zilizozidi, zilizo chini huziacha huko huko. Fungua faili zote mbili kwenye Audacity, programu ya bure, uziweke zote kwenye -20. Wimbo mpya ushuke mpaka ulipo wa zamani. Ukimpandisha mzee kumfikia kijana, tarumbeta zitagonga sifuri, kikomo cha faili, zipasuke, halafu utasema wazee walirekodi vibaya.

Pili, kasi. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na deki yenye mota iliyokorofika huikimbiza au kuiburuta bila mtu kujua. Ikizidi kwa asilimia 6, wimbo mzima unapanda nusu toni na mwimbaji anageuka mtoto. Namna ya kukagua: tafuta mngurumo wa umeme chini ya muziki. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mngurumo ulioingia wakati wa kurekodi ukionekana kwenye hezi 53, mkanda ulinakiliwa ukikimbia. Punguza kasi kwa asilimia 5.7 hivi. Tumia badiliko linalogusa kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, si lile la mapigo peke yake. Ila angalia: mngurumo ulioketi kwenye 50 kamili huenda umeletwa na mashine iliyonakili juzi, na huo hausemi lolote kuhusu studio.

Sauti iliyofifia juu, matoazi hayasikiki, kwa kawaida ni hedi (kichwa cha deki kinachosoma mkanda) chafu au iliyopinda. Kama kaseti bado unayo, futa hedi kwa pamba na spiriti, kisha zungusha skrubu ndogo ya pembeni ya hedi huku wimbo ukicheza, hadi sauti ing'ae. Usizungushe kwa nguvu. Faili iliyokwisha kunakiliwa hivyo haina dawa. Kuongeza treble kunaongeza mchakacho tu.

Sasa sikiliza, na usianze na mwimbaji. Fuata besi peke yake kwa beti mbili. Kwenye rekodi za Tanga za miaka ya 1960 na 1970, besi ya beti ya pili si ile ya beti ya kwanza: mpigaji anamjibu gitaa la solo, anaacha pengo, anarudi. Kwenye biti nyingi za leo, mapigo manne yamenakiliwa mpaka mwisho wa wimbo. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walichapisha uchambuzi wa rekodi za 1955 hadi 2010 wakakuta sauti za ala zimezidi kufanana, mipito ya noti imepungukiwa aina, na rekodi zimepanda ukubwa. Data yao kwa sehemu kubwa ni ya Magharibi. Hata hivyo, chanzo kimoja tunakifahamu bila utafiti: bendi ya watu kumi inataka nauli na chakula, prodyuza anataka kompyuta moja.

Lakini wapenzi wa zamani wasishangilie haraka. Black Star wenyewe walikuwa wapunguzaji. Vikundi vya Unguja vilipanga safu za fidla, ganuni na udi. Tanga ikaja na kundi dogo, magitaa ya umeme na mwendo wa dansi. Tofauti ni kwamba nafasi iliyoachwa na fidla walikuwepo watu wa kuijaza. Kinanda cha taarab ya kisasa kinaiga fidla kumi kwa kidole kimoja, na hizo kumi zote zinapumua pamoja. Huo kwangu ndio mshuko halisi.

Kwenye maneno sina uhakika kama huo. Hesabu mizani, yaani silabi: shairi la kawaida ni 8 na 8 kwa mshororo, na taarab nyingi za zamani zinatimia. Dansi, hata enzi hizo, mara nyingi haikujali. Kinachopungua zaidi ni fumbo, maana fumbo linamtaka mlengwa ajitambue na wengine wabaki wanabahatisha. Mipasho haina subira hiyo.

Kosa la mwisho ni la uchaguzi. Kabla ya redio binafsi za miaka ya 1990, wimbo ulipita mchujo wa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) au ulisafiri mpaka Nairobi au Mombasa kuwa santuri, kisha ukapita mchujo mkali zaidi, wa watu waliokubali kuunakili kaseti hadi kaseti kwa miaka 40. Huwezi kuwapanga waliosalia hao dhidi ya kila kilichopakiwa Ijumaa. Chukua upande wa pili wa santuri, ule ambao hakuna anayeuomba harusini, uuweke dhidi ya wimbo wa leo usiojulikana, zote -20. Pengo hupungua sana. Kwenye besi, kwa kawaida, linabaki.