Unguja hadi Maskati kwa tani 15 za mafuta

Nyumba yetu ipo Kiembesamaki, karibu na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Ukikulia chini ya mngurumo ule, siku moja utataka kurusha mwenyewe. Mimi hurusha Boeing 737-800 chumbani, kwenye kompyuta, kwa simyuleta ya X-Plane 12. Safari niliyoitamani tangu mwanzo ni moja: Unguja hadi Maskati, maili za baharini kama 2,100, bila kutua njiani.

Mara ya kwanza ilikuwa Agosti. Nilitia tani 14, nikaruka. Zimebaki maili 60, injini zote mbili zikazima. Karibu saa tano nimekaa kitini, halafu ndege inaanguka! Usiku ule sikulala vizuri.

Safari ya pili nilijaza matangi, tani 20 na ushei. Nilifika, lakini moyo haukuridhika, kwa sababu mafuta nayo ni mzigo. Kila tani ya ziada hula kilo 30 hadi 40 kwa saa kwa kubebwa tu.

Kosa kubwa lilikuwa kimo. Nilikuwa nikikaa futi 29,000 nikidhani panatosha. Huko hewa bado nzito, na injini za jeti hunywa sana. Lakini pia huwezi kupaa moja kwa moja hadi 39,000 ukiwa umejaza, maana mabawa hayatamudu uzito. Sasa naanza na 35,000, na baada ya saa mbili hivi, ndege ikishapungua uzito, napanda 37,000. Kasi nayo nimeishusha kutoka Mach 0.81, yaani asilimia 81 ya kasi ya sauti, hadi 0.78. Nachelewa dakika chache tu, na kwangu hilo si kitu.

Jambo la upepo nililijua kwa ami yangu, baharia wa majahazi zamani. Nilimwamkia, nikamwonesha ramani, nikamwambia nakwenda Maskati.

"Mwezi gani, mwanangu?"

"Agosti, ami."

"Basi una kusi. Kusi ndilo la kwenda Arabuni, kaskazi la kurudi."

Nilifungua ramani ya pepo za juu nikitaraji kuona hivyo hivyo, na nikakuta kinyume. Katika miezi ya kusi, juu kabisa, upepo mkali hutoka mashariki kuvuka Bahari ya Arabu, nami nikielekea kaskazini-mashariki ukanijia omo, yaani kwa mbele. Kumbe Agosti ile nilikuwa nikipigana nao njia nzima! Miezi ya kaskazi, juu ya Arabuni, upepo hutoka magharibi na kunisukuma. Ami aliitazama ile mishale kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huko juu kuna bahari nyingine."

Tangu siku hiyo siweki mafuta kabla ya kuangalia pepo za futi 35,000. Njia ikiniruhusu kupinda kidogo kuukwepa upepo wa omo, napinda, hata maili zikiongezeka.

Kushuka nako nilikuwa nakufuja. Nilishuka mapema, nikasukuma injini chini chini hadi uwanjani. Sasa nahesabu maili tatu kwa kila futi 1,000: nikiwa 37,000 naanza kushuka kama maili 111 kabla, nguvu ya injini imerudishwa hadi chini kabisa, ndege inateleza yenyewe. Flapu, yaani vile vibao vya nyuma ya mabawa, na magurudumu nayatoa mwishoni, kwa sababu vyote viwili hukamata upepo.

Januari niliondoka na tani 15, ami kando yangu na kikombe cha kahawa. Nikatua Maskati na tani 3.4 ndani ya matangi. Alinishika bega, akauliza, "Na kurudi?"

Kurudi Januari ndiko kugumu: kaskazi la chini lingelileta jahazi lake hadi Forodhani, ila mimi huku juu upepo ule ule ulionisukuma nitaukabili. Nimepanga tani 16 na nusu, na nitaanza futi 34,000.