Siku moja maishani mwangu: zamu ya kulinda ukingo wa plazma

Saa 12:40 asubuhi. Nawasha kompyuta kabla sijavua koti. Leo zamu ya kutumia tokamaki, mashine ya kutafutia nishati kwa kuunganisha viini vya atomi kama lifanyavyo jua, ni yetu, na nimeisubiri miezi minne. Nataka kujua kama tunaweza kuubakiza ukuta unaozuia joto ukingoni mwa plazma, yaani gesi ya moto mkali yenye chembe za umeme, bila plazma yenyewe kutapika.

Saa 2:00. Kikao cha dakika kumi. Vakyumu iko sawa, sumaku ziko tayari. Twende.

Saa 3:10. Jaribio la kwanza. Tokamaki yetu ina umbo la bangili nene, na ndani yake haidrojeni nzito inapashwa joto mpaka kukishinda kiini cha jua, chenye nyuzi milioni 15 hivi. Hakuna chombo kinachoweza kuguswa nayo, kwa hiyo tunaizungushia uga wa sumaku iwe mbali na kuta. Lakini plazma haitulii. Vimbunga vidogo vidogo huzaliwa humo na kulichota joto la katikati kulipeleka nje.

Ukipandisha nguvu ya kupasha kupita kiwango fulani, linatokea jambo ambalo baada ya miaka tisa kazini bado huniinua kitini. Mwanga mwekundu wa haidrojeni unaotoka ukingoni hushuka ghafla kwenye skrini. Pale ukingoni, katika upana wa sentimeta mbili tatu, plazma imeanza kutiririka kwa kasi zinazopishana tabaka kwa tabaka, na mpishano huo huvirarua vimbunga kabla havijakua. Huo ndio ukuta wetu: joto linabaki ndani kwa muda unaokaribia maradufu. Fritz Wagner aliligundua hili mwaka 1982 kwenye mashine ya ASDEX huko Garching, Ujerumani, na hakuna nadharia iliyokuwa imelitabiri. Kwangu huo ndio ugunduzi mzuri kuliko wote katika fani hii.

Saa 4:30. Sasa ubaya wake. Shinikizo ukingoni likipanda mno, ukuta hupasuka na kumwaga nishati nje kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde, kisha hujijenga tena, kisha hupasuka. Kwenye grafu ni safu ya miiba. Mashine yetu inaistahimili. ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa Ufaransa, ni kubwa mno: miiba ya namna hii ingeilamba tungsteni, metali iliyotandazwa sakafuni mwake. Dawa tunayoijaribu ni koili ndogo, yaani nyaya zilizoviringwa za kutoa sumaku, zilizo karibu na ukuta wa chombo chenyewe, za kuuvuruga uga kidogo sana, ukingo uvuje polepole badala ya kupasuka.

Hadi jaribio la tano, miiba imepungua lakini haijakwisha.

Saa 7:00. Nimekula macho yakiwa kwenye grafu.

Saa 8:30 mchana. Mwanafunzi wetu wa uzamivu ananivuta kando. "Dada, msokoto wa uga pale ukingoni haulingani na mpangilio wa koili. Tuongeze kidogo mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazma." Nimepiga hesabu upya mara mbili. Yuko sahihi, na nilipaswa kuliona asubuhi. Tunaongeza asilimia tatu.

Saa 9:50 alasiri. Jaribio la tisa. Mwanga unashuka, ukuta umesimama. Koili zinawashwa. Mwiba, mwiba, mwiba mdogo, kisha hakuna. Mstari umenyooka kwa sekunde moja na robo, na chumba kizima kimya. Ila msongamano wa plazma nao umeshuka, na bei hiyo sijaridhika nayo: plazma nyembamba haitazalisha nishati tunayoitafuta.

Saa 10:20. Nimeomba koili ziongezwe nguvu. Nimekosea. Wimbi la sumaku lililokuwa likizunguka limeganda mahali pamoja, plazma imezimika kwa milisekunde chache, na mtikisiko tumeusikia sakafuni. Mhandisi wa zamu amefunga kazi ya leo ili chombo kikaguliwe.

Saa 12:15 jioni. Nimeandika kumbukumbu za zamu, kosa langu likiwemo. Kisha nimelifungua tena jaribio la tisa na kukikuza kile kipande kilichonyooka. Hakijanyooka kabisa. Kuna mtetemo mdogo, wa mpigo ule ule kila mara, na unaanza pale pale msongamano unapoanza kushuka. Nimemtumia mwanafunzi picha yake.